Zamu ya Baba Mbale

Asubuhi ya leo, kabla sijafungua macho, nilisikia mlio: pa! Mkavu, mfupi, kama wa ngozi inayopokea kitu kigumu. Kimya kidogo, kisha tena: pa! Nilikuwa bado ndani ya chandarua, katika chumba nilichopanga hapa Mpumudde, na kwa kitambo sikujua nina umri gani. Nilisubiri sauti ya baba iseme, "Tena." Haikusema. Nilipotoka nje nikakuta ni jirani anakung'uta zulia lake kwa kandambili. Akanisalimu, akanitazama mara mbili, maana nilikuwa nimesimama mlangoni nikitabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi.

Mlio ule ndio uliokuwa jogoo wetu. Nyumba yetu ilikuwa katika kota za askari magereza hapa Jinja, safu ya vyumba vya matofali vyenye mabati yaliyoshika kutu, na nyuma yake kulikuwa na ukuta wa ghala la mahindi. Kila alfajiri ambayo hakuwa kazini baba alisimama mbele ya ukuta huo na kunirushia mpira mdogo mgumu wa besiboli, nami nikaudaka kwa glavu iliyokuwa kubwa kuliko uso wangu. Mama, aliyekuwa muuguzi na mara nyingi alirudi wakati huo akiwa na usingizi wa zamu ya usiku machoni, alipita kati yetu na kusema, "Mwanamume huyu ana wake wawili. Mimi na huo mpila." Mama alikuwa Msoga, na herufi l na r kinywani mwake zilibadilishana nyumba zilivyotaka. Baba alikuwa Mteso, mrefu, mpole wa sauti, Sajini Opolot. Kwa kuwa Kiteso kilimshinda mama na Kisoga kilimchekesha baba, nyumbani tulizungumza Kiswahili cha kambini. Wewe uliyezaliwa pwani ungekicheka. Lakini ndicho nilichobembelezwa nacho, na hadi leo mtu akiniambia "kuja hapa" badala ya "njoo," naona kama ananipenda.

Leo baba yangu anajulikana. Amefundisha timu ya watu wazima wanaolipwa kucheza besiboli, katika nchi ya mbali yenye theluji, na timu hiyo imetwaa kombe zaidi ya mara moja. Watu huniuliza alianzaje, wakitarajia hadithi ya ndoto kubwa. Ukweli ni kwamba alianza kwa amri. Wageni fulani walikuja shuleni kwetu na magunia ya glavu na magongo, wakitaka kuwafundisha watoto mchezo wao, na mkuu wa gereza akamwita baba, aliyekuwa mapumzikoni siku hiyo, akamwambia, "Opolot, simamia hawa watoto." Wageni wakaondoka wakaacha magunia. Amri haikutenguliwa. Hakuna aliyemwambia baba aache, basi hakuacha.

Mchezo wenyewe aliujifunza kwa kutazama, na pale alipokosa maarifa ya besiboli alijaza kwa maarifa ya jela. Vipindi vya mchezo aliviita zamu. Tuta dogo la udongo anakosimama mrushaji tuliliita kichuguu, nalo tulilijenga wenyewe pembeni mwa uwanja wa gwaride. Mimi nilikuwa mrushaji. Shafiki, mtoto wa muuza nguo wa mtaa wa Walukuba, mwenye maneno mengi kuliko redio, alikuwa mdakaji wangu, akichuchumaa nyuma ya mpigaji. Na pale mkono wangu ulipochoka, baba aliingia uwanjani kuchukua mpira na kumpa mwingine. Hapo ndipo tulipotofautiana na timu zote za Uganda.

Inabidi nikueleze habari ya funguo. Gerezani, askari anayemaliza zamu haruhusiwi kuziacha funguo mezani, wala kuzitundika ukutani. Anaziweka mkononi mwa anayeingia, wote wawili wamesimama wima, wanatazamana. Anayetoka anasema, "Nimekabidhi." Anayeingia anasema, "Nimepokea." Kuanzia neno hilo, lolote litakalotokea ndani ni la aliyepokea. Mfungwa akitoroka, ni wake. Kukiwaka moto, ni wake. Na yule mwingine anakwenda kulala. "Mutu amekabidhi, analala," baba alipenda kusema, tena hata kuhusu mambo yasiyohusu jela, kama vile mama alipompa mtoto wa jirani amshikie.

Basi hivyo ndivyo tulivyofanya juu ya kichuguu. Baba alitembea polepole kutoka benchi, mwendo wa askari anayekagua, akasimama mbele yako, akafungua kiganja. Hakukunyang'anya mpira kamwe. "Funguo ya kunyang'anya haifungui mulango," alisema. Alisubiri hadi uuweke mwenyewe na kusema, "Nimekabidhi." Akajibu, "Nimepokea." Kisha akamgeukia mrushaji mpya, akampa mpira na kumwambia, "Nimekabidhi," na mtoto yule alijibu, "Nimepokea." Timu nyingine zilitucheka. Waamuzi walikereka. Sisi tuliona wengine ndio washenzi.

Mwaka niliokuwa darasa la sita, ikaja habari iliyoondoa usingizi nyumbani kwetu. Mashindano ya watoto ya upande wa mashariki yangefanyika Mbale, na kungekuwa na mgeni kutoka ng'ambo. Timu itakayoshinda ingesafiri kwenda kucheza huko, na kocha wake angebaki kusomea kazi ya ukocha na kuajiriwa. Baba alitusomea habari hiyo kwa sauti ileile aliyosomea orodha ya usafi wa kota. Lakini jioni ile nilimwona, kupitia upenyo wa pazia, akishusha sanduku lake la nguo kutoka juu ya kabati. Akalifuta vumbi kwa mkono wa shati, taratibu, kila kona. Akalifungua, akalitazama lilivyo tupu, akalifunga. Akalirudisha juu. Kisha akatoka, akauvuta mlango na kuusukuma mara moja kwa kiganja kuona kama umeshika, kama alivyofanya kwa kila mlango maishani mwake, hata wa choo.

Nikajua kwamba baba yangu alikuwa na kitu anachokitaka. Sijui kama unakumbuka siku ulipogundua jambo hilo kwa mzazi wako. Mimi liliniogopesha kuliko giza.

Kwenda Mbale tulipanda lori la magereza lililokuwa linafuata mahindi huko. Tulijipanga nyuma, magongo katikati ya miguu, nyuso nyekundu kwa vumbi, tukiimba. Tulipokwama kidogo sokoni Namutumba, mama mmoja mwenye beseni la ndizi mbivu alitusogelea, akasoma maandishi ya ubavuni mwa lori, akashika kifua.

"Watoto wadogo hivi! Mmefanya nini?"

Shafiki, ambaye hakuwahi kukosa jibu, akainamisha kichwa kwa huzuni. "Tumeiba vituo, mama."

Katika besiboli, kukimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa huitwa kuiba. Yule mama hakujua. "Vituo? Vya polisi?"

"Vyote, mama. Huyu msichana ndiye mkubwa wetu," akasema, akininyooshea kidole.

Alitupa ndizi, akalia kidogo, akamwomba Mungu atusamehe. Baba alishuka kutoka mbele kwenda kumweleza, na kadiri alivyoeleza akiwa amevaa sare yake, ndivyo mama yule alivyozidi kumsihi, "Afande, wasamehe, ni watoto." Tulikula ndizi za wafungwa hadi Mbale.

Uwanja ulikuwa upande wa viwandani, nyuma ya maghala, na hewa ilinuka maganda ya kahawa. Juu ya kila kitu ulisimama mlima wa Wanale, mkubwa, karibu mno, na maporomoko yake yakining'inia kama nyuzi nyeupe zilizochomoka kwenye shati. Mgeni alikaa chini ya turubai na kofia yake ya kitambaa, mikono magotini. Wenyeji tuliokutana nao fainali walikuwa watoto wa wapakiaji mizigo na wauza duka wa mtaa ule ule, na mashabiki wao walikuwa wamepanda juu ya magunia.

Nilirusha vizuri. Naweza kusema hivyo sasa bila haya, maana ni zamani. Mpira ulinitoka mkononi kama neno ninalolijua, na mlio wake katika glavu ya Shafiki, pa! pa!, ulinyamazisha magunia yote. Tulitangulia kwa pointi moja. Lakini tangu katikati ya mchezo kulikuwa na kitu ndani ya kiwiko changu, kama punje ya mchanga yenye moto, na kila nilivyorusha punje iliota jino. Sikumwambia mtu. Nilimwona mgeni anamnong'oneza mkalimani wake huku akimtazama baba. Nikalifikiria lile sanduku.

Zamu ya mwisho ilipoanza, jasho liliniingia machoni, nikalifuta kwa mkono wa kushoto. Hilo tu. Nilipoinua uso, baba alikuwa tayari ameondoka kwenye benchi, anakuja, polepole, mwendo ule.

Alisimama mbele yangu. Akafungua kiganja.

"Baba, niache," nikasema. "Mgeni anaangalia."

"Hapa hakuna baba. Hapa iko afande."

"Afande, nikitoka tutashindwa. Tukishindwa huendi."

Akanitazama. Sijawahi kusahau kwamba hakushangaa nilivyojua. "Mukono yako inasema nini?"

"Hauumi."

"Wewe nyamaza. Mimi nauliza mukono. Gusa bega."

Nilijaribu. Kiwiko kilikunjika nusu ya njia kikakataa, kama punda. Machozi yakanitoka, nikayakasirikia. Kwenye magunia walikuwa wakipiga kelele, "Afande, mfunge pingu! Hataki kutoka kizimbani!" Shafiki alikuja akasimama karibu yangu, kofia yake ya chuma mkononi. Mwamuzi akaja. "Bwana kocha, tungoje mpaka mlima uhame?" Kiganja cha baba kilikuwa wazi, kipana, na mstari mweusi katikati ulioachwa na miaka ya chuma. Alisubiri.

Niliupiga mpira ndani ya kiganja kile kwa hasira, nikageuka, nikaenda zangu. Sikusema neno. Nilifika benchi nikatazama, naye bado alikuwa amesimama pale pale juu ya kichuguu, mgongo wima, mpira mkononi, ananisubiri niseme. Timu nzima ilinitazama. Nilikaza midomo. Nilitaka ajue kwamba sikumkabidhi, kwamba ule ulikuwa ufunguo wa kunyang'anya na hautafungua kitu.

Mwishowe niliona midomo yake ikitikisika. "Nimepokea," alisema, peke yake, kwa nafasi tupu niliyoiacha mbele yake.

Akamwita Mugoya. Mugoya alikuwa mdogo kuliko sote, mtoto wa jirani yetu wa kota, mwenye masikio makubwa na njaa isiyoisha. Hata pale alikuja akimeza ndizi. Baba aliinama, akampa mpira, akasema kitu kifupi. Kutoka benchi sikusikia. Nilichoona ni kwamba Mugoya hakusimama wima, hakujibu kwa sauti kama tulivyozoea. Nikadhani baba amechanganyikiwa hata kasahau utaratibu wake mwenyewe.

Mugoya alijitahidi. Lakini mpigaji mmoja mwenye mabega ya baba yake mpakiaji aliupata mpira katikati ya gongo, nao ukaruka juu ya maghala, juu, ukawa mdogo mbele ya mlima, na walipomaliza kukimbia walikuwa wametupita. Magunia yalipasuka kwa furaha. Mgeni aliinuka, akaenda kumshika mkono kocha wa Mbale.

Kwenye lori hakuna aliyeimba. Kiwiko changu kilikuwa kimevimba kama kiazi, na nilipopewa kikombe cha chai nikakiangusha. Mugoya alikuwa amejikunyata pembeni, nami nilisubiri, kwa ubaya wa moyo nilioujaliwa siku ile, mtu amwambie neno. Baba, ambaye safari hii alipanda nyuma pamoja nasi, alimega mkate, akampa kipande kikubwa. "Kula, Mugoya. Leo ulifanya kazi." Mugoya akala. Akala hata kipande changu.

Mama alipokiona kiwiko aliweka mkoba wake chini, akakishika, akakikunja taratibu hadi kilipokataa. Kisha akamtazama baba. "Ungemwacha arushe tena," alisema, "ningekufunga mimi." Akaenda kuchemsha maji. Hilo ndilo neno pekee lililosemwa nyumbani kwetu juu ya Mbale.

Nje ya nyumba yalisemwa mengi. Kumbe baba, kwa furaha yake ya kimyakimya, alikuwa amemdokezea askari mwenzake mmoja, na kota haina siri. "Afande Ng'ambo!" walimwita akipita na sare yake iliyopigwa pasi. "Umerudi lini? Theluji ilikuwaje?" Yeye alicheka nao. "Baridi sana, bwana. Nilisahau koti." Akaenda kupokea funguo zake. Mimi niliyekuwa naenda shule nyuma yake nilitamani ardhi inimeze, halafu imtapike kila aliyecheka.

Nilimnunia baba muda mrefu, kwa namna watoto wanavyonuna: nikila chakula chake, nikivaa viatu alivyoving'arisha. Niliamini hakunitumaini. Mkono ulipona, nikarudi kurusha, lakini alfajiri kwenye ukuta wa ghala nilikuwa nikimrushia kwa nguvu ya mtu anayedai kitu.

Kisha Mugoya alirefuka. Masikio yakapata kichwa kinachoyatosha. Nami nilipovuka umri wa timu ya watoto, yeye akachukua kichuguu, na alikuwa na kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho: hakuogopa zamu ya mwisho. Aliicheza kama mtu anayemalizia chakula chake. Mashindano yaliporudi Mbale, kwenye uwanja uleule unaonuka kahawa, Mugoya alisimama dhidi ya mlima akawafunga wote midomo. Wageni walikuwapo. Safari hii walimshika mkono baba.

Siku moja kabla ya safari, kota ilimfanyia baba karamu ya chai mchana, mahema mawili na mandazi mengi, na wote waliomtania wakasimama mmoja mmoja kusema wao walijua tangu mwanzo. Mimi na Mugoya tulikaa kwenye ngazi za ghala. Nilimuuliza, kwa uchokozi tu, jinsi alivyoweza kurudi kwenye kichuguu kilekile kilichomwaibisha.

Akashangaa. "Kiliniaibisha wapi? Ile haikuwa zamu yangu."

"Ulikuwa umeshika mpira, Mugoya. Dunia nzima ilikuona."

"Kushika, nilishika. Afande hakunikabidhi." Alitafuna, akameza. "Alinipa tu. Akaniambia, 'Toto, rusha tu. Zamu ni yangu.' Sasa mimi nilie kwa nini? Nilirusha."

Pa, kilisikika kitu ndani yangu. Nilimtazama baba upande wa pili, chini ya hema, kikombe mkononi, akimsikiliza mkuu wa gereza kwa heshima. Alipokea mpira kutoka kwa mtoto aliyekataa kukabidhi, akampa mtoto ambaye yeye alikataa kumkabidhi. Katikati, pale ambapo safari yake ilikuwa inatoka mikononi mwake, alihakikisha amesimama peke yake. Kwamba sanduku lile lingebaki tupu, alijua siku ile vizuri kuliko mimi.

Siku hizi, michezo ya timu yake ikionyeshwa, huwa nangoja wakati mmoja tu. Mrushaji amechoka, na mzee mrefu mwenye mvi anatoka benchi kwa mwendo wa ukaguzi. Anafungua kiganja. Jitu la nchi ile, lenye ndevu na mshahara, linasimama wima kama askari mpya, na maneno mawili yanasemwa, moja lake na moja la mzee. Watangazaji hudhani ni sala. Nami nikiwa mtu mzima ndipo nilipoanza kuelewa kwamba wachezaji wale hawamtii kwa sababu ya makombe. Wanajua kwamba wakiisha kukabidhi watalala, na kwamba siku wasipoweza kukabidhi, atapokea vilevile.

Lakini hayo ni ya leo. Asubuhi ile ya safari nilikuwa bado msichana wa shule mwenye soksi moja mguuni. Mama alikuwa amekwenda zamu hospitalini makusudi. Alisema yeye haagani mlangoni, ameagana naye kwa miaka yote aliyomwona akienda kazini. Gari lilikuwa linanguruma nje. Baba alishusha sanduku, zito sasa, akaliweka kizingitini. Kisha akatoa mfukoni ufunguo wa nyumba yetu, ule mmoja, uliofungwa uzi mwekundu, akasimama wima mbele yangu, akauweka katika kiganja changu.

"Nimekabidhi," alisema.

Akasubiri. Dereva akapiga honi. Nilijua sasa kwamba hawezi kuondoka, kwamba baba yangu, mtu wa amri, angesimama pale na sanduku lake hadi jioni, hadi ndege iruke bila yeye, kama nikikaza midomo. Niliukaza mkono kwanza. Ufunguo ulikuwa na joto la mwili wake. Nikayaona macho yake, na chini yake nikaona uchovu ambao sikuwahi kuuona, wa mtu ambaye hajalala tangu Mbale ile ya kwanza.

Nikanyoosha mgongo.

"Nimepokea, afande."

Akaguna kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akachukua sanduku, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake. Nikasikia kiganja chake kikiusukuma kutoka nje, mara moja, kuona kama umeshika.

Ulikuwa umeshika.